Mvua za Kwanza na Viwavi wa Shambani

Mwezi huu ukurasa wetu unatoka jikoni na kwenda shambani, maana sufuria ya nyumbani hujazwa huko. Tutazungumzia viwavi na hali ya hewa. Kwa nini mwaka mmoja hatumwoni hata kiwavi mmoja, na mwaka unaofuata wanatambaa hadi barabarani? Kwa nini wanakuja mara tu mvua tuliyoiombea inaponyesha?

Jambo hili lina uzito katika nyumba zetu. Shamba la mahindi lililokuwa kijani Jumapili hii laweza kubaki vijiti Jumapili ijayo. Baba atahuzunika, lakini mama ndiye atakayetazamwa na watoto wakati wa chakula. Kwa hiyo yafaa tuwafahamu wadudu hawa, tujue wanatoka wapi na tuna siku ngapi za kufanya jambo.

Vipepeo weupe hawana hatia

Kwanza tuondoe hofu moja. Mara nyingi baada ya mvua, katika Kenya na Tanzania, tunaona vipepeo weupe kwa maelfu. Wanavuka barabara na mashamba, wote wakielekea upande mmoja, siku moja au siku kadhaa. Wapo wanaosema, "Hao ndio wanaotuletea viwavi wa mahindi." Sivyo. Viwavi wa vipepeo hao hula majani ya vichaka na miti ya porini katika nchi kavu. Mahindi yetu hawayagusi.

Hata hivyo vipepeo hao wanatufundisha kanuni yenyewe. Mdudu hana joto lake mwenyewe kama sisi. Kukiwa na joto anakua haraka, kukiwa na baridi anachelewa. Mvua ikinyesha baada ya kiangazi, vichaka huchipua majani laini yenye lishe. Mayai yanayotagwa wakati huo huangua viwavi ambao wote wanapata chakula. Baada ya wiki chache kuna vipepeo wengi kuliko majani, nao wanaondoka kutafuta mahali pengine. Mvua, majani, viwavi, kisha safari: ndiyo habari ya kipepeo mweupe, na ndiyo habari ya adui wetu wa shambani pia.

Adui huyo ni kiwavijeshi. Mzazi wake ni nondo, mdogo, wa rangi ya kijivu na kahawia, ambaye huruka usiku. Ndiyo sababu hakuna anayemwona akija. Tunalala shamba likiwa safi na tunaamka likiwa bado safi, kumbe mayai yameshatagwa.

Nondo husafiri na upepo

Wakati wa kiangazi viwavijeshi hawaishi kabisa. Wachache hubaki sehemu ambazo manyunyu huyafanya majani yaendelee kuwa mabichi, kama pwani na baadhi ya milima. Wakiwa wachache hivyo, kila kiwavi hukaa peke yake. Rangi yake ni ya kijani au kahawia, amefanana na majani, na hata mkulima mwenye macho makali hupita bila kumwona. Hadhuru sana.

Mambo hubadilika mvua za kwanza zinapoanza, mara nyingi kati ya Novemba na Januari, katika sehemu za kati na mashariki ya Tanzania na sehemu za mashariki ya Kenya. Nondo huruka usiku wakifuata upepo. Mahali wingu kubwa la mvua linapojengeka, pepo kutoka pande mbalimbali hukutana, na nondo waliokuwa wametawanyika angani hukusanywa pamoja kama makapi yanavyokusanywa na kimbunga uani. Wanashuka hapo hapo. Wanakuta maji ya kunywa na majani yanayochipua, nao wanapandana na kutaga. Nondo jike mmoja huweza kutaga mamia ya mayai. Hebu fikiria maelfu ya nondo walioshushwa na mvua moja katika kata moja.

Kizazi hicho kikikua, nondo wake huruka tena na upepo. Kadiri msimu wa mvua unavyosogea kaskazini ndivyo nao wanavyosogea, kutoka Tanzania kwenda Kenya na Uganda, kisha Ethiopia. Kwa hiyo viwavi walioko Morogoro mwezi wa Januari ni habari ya maana kwa mama aliyeko Machakos, na hata kwa aliyeko ng'ambo ya mipaka yetu.

Kwa nini baada ya ukame?

Wengi wetu tungedhani kwamba mvua nyingi ndiyo huleta viwavi wengi. Kumbe si hivyo moja kwa moja. Wataalamu waliolinganisha kumbukumbu za miaka mingi walikuta kwamba misimu mibaya ya viwavijeshi mara nyingi hutanguliwa na kipindi cha ukame. Mwaka 2022, kwa mfano, viwavijeshi walizuka nchini Kenya na Uganda, na wakati huo sehemu nyingi za Kenya zilikuwa katika ukame wa misimu mfululizo.

Sababu zake ni kadhaa. Majani yanayochipua baada ya ukame ni laini na yana lishe nyingi kwa kiwavi. Mvua za mwanzo wa msimu huja hapa na pale, na kati yake kuna siku za jua. Hiyo ndiyo hali viwavi wanayoipenda: mvua ya kuwashusha wazazi wao, kisha jua la kuwakuza wenyewe. Mvua ikinyesha mfululizo, mambo huwa magumu kwao. Viwavi wachanga husombwa na kuzama. Tena kuna ugonjwa wa virusi unaowapata viwavi hawa tu, ambao huenea zaidi kukiwa na unyevu na mawingu, maana jua kali huviua virusi hivyo. Ukiona viwavi wananing'inia vichwa chini kwenye ncha za majani, wamelegea na kuvuja maji, ujue ndio ugonjwa huo.

Basi tukitaka kujua kama kuna hatari, tujiulize maswali mawili. Je, tumetoka katika kiangazi kirefu? Je, mvua ya kwanza imekuja kwa ghafula na kufuatwa na siku za jua? Ikiwa jibu ni ndiyo, tuanze kukagua shamba mara moja.

Tuhesabu siku

Mama anayejua kuhesabu siku za kuku anayelalia atajua pia kuhesabu siku za viwavi. Tuseme nondo wametaga usiku wa leo. Mayai yataanguliwa baada ya siku 2 hadi 5, kwa kutegemea joto. Wanaotoka ni vijidudu vidogo sana, vya kijani, na hula kwa kukwangua sehemu ya juu ya jani. Ukilitazama jani kwa kulielekeza kwenye jua utaona madirisha madogo meupe. Siku hizo ndizo za thamani kuliko zote.

Kiasi cha wiki moja baadaye viwavi waliosongamana hugeuka kuwa weusi mgongoni, na hapo ndipo watu husema, "Viwavi wameingia leo." Hawakuingia leo. Walikuwepo tangu juma lililopita. Kutoka hapo wanakula kwa pupa, na sehemu kubwa kabisa ya chakula chao chote huliwa katika siku zao chache za mwisho, wanapofikia urefu wa sentimita 3 hivi. Baada ya wiki 2 hadi 3 tangu kuanguliwa wanaingia ardhini na kutulia humo kwa siku 7 hadi 12. Kisha wanatoka wakiwa nondo, na kwa kawaida huruka kwenda mbali.

Hesabu hii ina faida mbili kwa mfuko wetu. Ya kwanza, dawa au njia nyingine yoyote hufaa zaidi viwavi wakiwa wadogo. Ya pili, ukikuta viwavi wakubwa wameanza kupungua na kuingia udongoni, usikimbilie kukopa fedha za dawa. Chakula wameshakula, na dawa itamwagika bure. Afadhali fedha hiyo inunue mbegu.

Tena usiwe mwepesi wa kung'oa mahindi machanga yaliyoliwa. Moyo wa mhindi mchanga huwa bado umejificha chini, karibu na ardhi au ndani yake. Mvua ikiendelea, mengi huchipua tena. Ngoja siku chache ukague, ndipo uamue kupanda upya. Na kwa kuwa nondo wapya kwa kawaida huruka kwenda mbali, shamba lililopandwa tena baada ya viwavi kuingia ardhini mara nyingi husalimika.

Ndugu yake aliyetoka mbali

Kuna mwingine ambaye siku hizi tunamchanganya na huyu, naye ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Aligunduliwa Afrika Magharibi mwaka 2016, na kufikia mwaka 2017 alikuwa ameshaenea Tanzania, Kenya na Uganda. Huyu hatembei kwa makundi juu ya ardhi. Anaingia ndani ya moyo wa mhindi, anakula amejificha, na kuacha kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Ukimtazama karibu na mkia utaona madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba.

Tunamtaja kwa sababu tabia yake na hali ya hewa ni tofauti. Yule wa zamani huletwa na mvua ya kwanza. Huyu mgeni hupenda joto na ukavu, na mvua kubwa ni adui yake, kwani maji hujaa katika moyo wa mhindi na kuwazamisha viwavi wachanga. Hivyo mvua zikikatika katikati ya msimu, wakati mahindi yamefika magotini, ndipo tunapopaswa kuongeza macho. Tena huyu haji na kuondoka. Vizazi vyake hufuatana katika shamba lilelile, hata katika bustani za kumwagilia.

Tusimtafute mchawi

Sasa tuseme neno ambalo ni gumu, lakini ni lazima lisemwe katika gazeti la Kikristo. Kwa kuwa viwavi huonekana kwa ghafula, na kwa kuwa shamba moja huliwa na la jirani likabaki, minong'ono huanza. Wanasema fulani ana mkono wake, au mbona la yule bibi halikuguswa? Mara nyingi anayenyooshewa kidole ni mjane, au mwanamke mzee asiye na wa kumtetea.

Wapendwa, tumeona jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Nondo hushushwa na upepo na mvua, na hutaga kwa mafungu, hapa wengi na pale wachache. Kiwavijeshi wetu wa zamani hula mimea ya jamii ya nyasi, yaani mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga, ngano, miwa na malisho. Maharage, kunde, mihogo, viazi vitamu na pamba haviwi chakula chake. Ikiwa shamba la bibi lina mihogo na kunde, lilipona kwa sababu hiyo. Huenda pia alipanda mapema, na mahindi yake yalikuwa yameshakomaa majani viwavi walipofika. Hakuna uchawi hapo.

Pia tusikimbilie kumwambia aliyepoteza shamba kwamba ametenda dhambi fulani. Marafiki wa Ayubu walisema maneno ya namna hiyo, na Mungu hakupendezwa nao. Mvua hainyeshi kwa kuchagua mwenye haki na asiye haki, na nondo nao hawachagui. Aliyepatwa anahitaji debe la mbegu na mtu wa kumsaidia kulima. Tukiyasikia maneno ya uchawi kisimani au hata baada ya ibada, mama Mkristo asinyamaze. Aeleze kwa upole yale aliyoyajua.

Mambo ya kufanya

Kwanza, tukague pamoja. Mvua ya kwanza ikishanyesha, akina mama wa jumuiya au kikundi wagawane mashamba, pamoja na ya wajane na wagonjwa, na wayapitie kila baada ya siku mbili, asubuhi mapema au jioni. Tusisahau nyasi za kando ya shamba, maana mara nyingi viwavi huanzia huko. Vifungu vya mayai vilivyogundishwa kwenye majani vipondwe kwa vidole.

Pili, tutoe habari upesi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wa Muguga, Kenya, walianza kutabiri viwavijeshi kwa kuhesabu nondo walionaswa katika mitego. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijiji vya wilaya ya Kilosa, Tanzania, vilianza kujifanyia utabiri vyenyewe. Kijiji kilikuwa na mtego wenye harufu inayofanana na ya nondo jike, unaowanasa madume, pamoja na kipima mvua. Mwanakijiji aliyefundishwa alihesabu nondo na kusoma mvua, kisha akawaambia wenzake kama kuna hatari. Hakuwa profesa. Ikiwa kijiji chenu hakina mtego, muulizeni bwana shamba au bibi shamba. Na tangazo la viwavi lisomwe kanisani pamoja na matangazo mengine, maana huko ndiko tunakokutana wengi.

Tatu, tupande mapema na tupande kwa kuchanganya. Familia yenye mahindi peke yake imeweka mayai yote katika kikapu cha kuku mmoja. Robo ya shamba ikiwa na mihogo, kunde au viazi vitamu, watoto hawatalala njaa. Kwa yule kiwavi mgeni, kuna pia njia ya kusukuma na kuvuta iliyobuniwa na watafiti wa Kenya na wenzao wa Uingereza. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, ambayo harufu yake huwafukuza nondo, na pembeni hupandwa majani ya malisho yanayowavuta. Katika majaribio ya Afrika Mashariki njia hiyo ilipunguza viwavi kwa zaidi ya asilimia 80, na ng'ombe nao wakapata majani.

Nne, tuwe waangalifu na dawa. Tutumie ile tu iliyoshauriwa na mtaalamu, kwa kipimo chake, wakati wa asubuhi au jioni pasipo upepo mkali. Sufuria, kikombe au ndoo ya nyumbani isipimie dawa. Chupa iliyokwisha isigeuzwe ya mafuta ya taa wala ya maji. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasishike bomba. Kwa shamba dogo la nyumbani, kuokota viwavi kwa mkono na kuwapa kuku ni kazi ya kuchosha, lakini haina gharama wala sumu. Ila shamba likishapigwa dawa, kuku wafungiwe.

Tano, tuangalie mifugo. Ng'ombe wameugua na hata kufa baada ya kulishwa kwenye malisho yaliyotoka kuliwa na viwavijeshi wengi. Watoto wachungaji waelezwe wasiwapeleke huko mpaka majani yachipue vizuri na mtaalamu wa mifugo aseme kuna usalama.

Miaka iliyoliwa

Nabii Yoeli aliwaona tunutu, nzige, parare na madumadu wakiimaliza nchi, na hakusema ni jambo dogo. Aliwaita watu wote, wazee kwa watoto, wakusanyike na kumlilia Mungu. Katika kitabu hichohicho kuna ahadi kwamba Bwana atawarudishia watu wake miaka ile iliyoliwa. Naye Yusufu alipojulishwa kwamba njaa inakuja, hakukaa akingoja. Aliweka akiba. Maombi na ghala vilikwenda pamoja.

Sisi nasi tufanye hivyo. Mvua ya kwanza ikinyesha, tumshukuru Mungu kwa ajili yake, kisha kesho yake tuchukue jembe na tuanze kukagua majani. Na wakati wa mavuno mema, tutenge debe moja la mbegu kwa ajili ya yule ambaye mwakani viwavi watamtangulia shambani.

Bwana ayalinde mashamba yenu na kuwapa watoto wenu chakula cha kila siku. Hadi mwezi ujao, kaeni katika amani.